Madumu Matupu

"Tarehe haibadiliki! Hata ukipanda juu ya paa ukapiga kelele kama kunguru, haibadiliki!"

Labhuben alikuwa amesimama katikati ya ua, mikono kiunoni. Muktaben alimwinamia kutoka kwenye roshani ya juu, kapu la pilipili alizokuwa akianika likiwa kwapani.

"Tarehe umeipanga wewe, haya. Na maji? Maji nayo umeyapangia ratiba?"

Ua wa jengo la Ambika, pale mjini Bhavnagar, magharibi ya India, ulikuwa umeshajaa watu. Jengo lile halikuwahi kuacha ugomvi mzuri upotee bure. Walioishi chini walitoa viti, na walioishi juu walikumbuka ghafla kuanua nguo ambazo bado zilikuwa zinachuruzika maji.

Kisa chenyewe kilikuwa hija. Labhuben, mjane wa mwenye duka la vitambaa, ndiye aliyekuwa akiwapeleka majirani hija kila mwaka. Hukodi basi, humchukua Ghelabhai mpishi na majiko yake ya gesi, hupanga nani akae dirishani na nani akae karibu na mlango kwa sababu ya kutapika. Mwaka huu safari ilikuwa ile kubwa, ya mahekalu manne ya milima ya kaskazini, wakianzia Yamunotri. Naye alikuwa amepiga hesabu zake vizuri ili siku ya kupanda Yamunotri iangukie kwenye Ekadashi ya mwezi wa jua kali, ule mfungo ambao mtu hali wala hanywi hata tone mpaka jua la kesho yake lichomoze.

"Thawabu mara mbili kwa nauli moja," alisema. "Nani mwingine angewapangia hivi?"

"Mwenye akili zake asingepanga," Muktaben akajibu. "Mume wangu ana sukari. Ana presha. Unataka umpandishe mlimani koo limekauka kama la ngamia wa Kutch?"

"Asiyeweza asifunge. Simshikii mtu mdomo. Ila kitunguu nisikione ndani ya basi langu."

"Basi lako! Jamani, basi la kukodi limekuwa lake!"

Watu wakacheka. Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa fitina. Labhuben, kwa miiko ya dini yake, hakuwahi kula kitunguu wala kitunguu saumu tangu azaliwe. Muktaben alikaanga kitunguu asubuhi na jioni, na harufu ilishuka ngazi moja kwa moja mpaka kwenye pua ya jirani yake. Kwa miaka yote waliyokaa jengo moja, Labhuben hakuwahi kutia kinywani chochote cha nyumba ile, hata maji.

Chhaganbhai, mume wa Muktaben, akachungulia nyuma ya mkewe, gazeti mkononi, miwani juu ya kipara. "Shemeji, mimi nafunga. Mke wangu amenilisha miaka arobaini bila kunipa likizo. Siku moja tumbo lipumzike."

"Nyamaza wewe!" Muktaben akamwambia, kisha akamgeukia Labhuben, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka. "Haya. Twende. Lakini mzee huyu namweka mkononi mwako. Nitamdai kwako."

Labhuben si mtu wa kurushiwa jambo akaliacha lipite. Alikwenda kwenye hekalu dogo lililo chini ya ngazi, akaweka kiganja juu ya nazi, akasema ua mzima ukisikia: "Wote nitakaowapeleka, wote nitawarudisha. Akipungua mmoja, msinifungulie mlango."

Siku ya kuamkia safari alizunguka mlango kwa mlango kuomba radhi, kama ifanywavyo, maana aendaye milimani hajui kama atarudi. Kwa Muktaben aliishia kizingitini.

"Kama nilikukosea, nisamehe."

"Na mimi kama nilikukosea." Muktaben akamletea maji kwenye bilauri ya shaba. Labhuben aliitazama bilauri, akatikisa kichwa kwa adabu, akashuka. Kule chini akamsikia Muktaben akiyamwaga maji yale kwenye chungu cha mrehani.

*

Alfajiri ya Ekadashi basi lilikuwa limewashwa nje ya nyumba ya wageni, chini kabisa ya milima. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa ya jana, na sasa mbingu ilikuwa safi kama sinia lililosuguliwa. Ghelabhai mpishi alisimama mlangoni na madumu yake.

"Mama, bomba lina foleni. Nipe nafasi kidogo nijaze."

"Leo nani anakunywa, Ghelabhai? Foleni hiyo ni ya kutupotezea asubuhi. Madumu mazito, barabara inapanda. Tutajaza huko juu."

"Hata chupa za watu?"

"Chupa ziacheni hapa. Mwenye chupa mkononi shetani hukaa karibu yake."

Watu wakacheka, wakaziacha chupa kwenye kibaraza. Labhuben aliingia mwisho, akahesabu vichwa, akaridhika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu alisikia, na hakuna aliyesema neno. Hata Muktaben hakusema. Yeye alikuwa akilaza mkoba wake chini ya kiti kwa uangalifu kidogo kupita kiasi.

Barabara ilikuwa imechongwa ubavuni mwa mlima, nyembamba. Kulia ukuta wa mawe. Kushoto hakuna kitu, na chini sana, mto Yamuna ukienda mbio, rangi ya chai ya maziwa. Kundan, dereva, kijana wa milima hiyo hiyo, aliendesha mkono mmoja ukiwa kwenye honi. Akinamama walikuwa wanaimba. Chhaganbhai alikuwa anawaeleza wa kiti cha nyuma jinsi mkwe wa fulani alivyokimbia harusi yake mwenyewe.

Kokoto zikaanguka juu ya paa, chache, kama mtu anayerusha kunde.

Kundan akaacha honi. Akatazama juu. Halafu mlima ukashuka.

Haukuwa na sauti ya ngurumo kama watu wasemavyo. Ulikuwa mguno, wa chini, unaoingilia miguuni. Jiwe la ukubwa wa ng'ombe lilipita mbele ya kioo na kutokomea bondeni. Lililofuata lilivunja kioo. Kundan akatia gia ya kurudi nyuma, basi likapiga kelele, likarudi hatua chache, na abiria wa nyuma wakapiga ukelele mmoja: nyuma nako barabara ilikuwa inaondoka. Miti ya misonobari ilishuka imesimama wima, kama watu wanaoshuka ngazi, kisha ikalala.

Vumbi. Kikohozi. Basi lilikuwa limesimama, ubavu wake umeegemea ukuta wa mlima, na harufu ya dizeli ilitoka chini yake.

Labhuben alijikuta amekaa sakafuni, sari imechanika, anahesabu vichwa. Alihesabu mara mbili. Wote walikuwapo. Akaanza kulia, akajizuia.

Kipande cha bati kilikuwa kimemchana Kundan paja. Damu ilijaza kiatu. Ghelabhai akachana kilemba chake na kulifunga paja kwa nguvu, Kundan akiuma mkanda wa kiti.

"Maji," Kundan alisema. "Mama, nipeni maji."

Watu wakatazamana. Ndipo Chhaganbhai alipoinama chini ya kiti cha mkewe, akapekua mkoba, akatoa chupa moja ya maji.

"Nilijua tu," akasema. "Mukta hawezi kuniacha nife kiu, hata nikimwomba."

"Hiyo ni yako!" Muktaben akaruka. "Ni ya dawa zako!"

"Mimi nimefunga. Na siku ya leo, mke wangu, ni siku ya kunywesha watu. Kutokunywa ni nusu tu ya mfungo. Au siyo, shemeji?"

Ilikuwa kweli. Kwao, siku hiyo watu huweka mitungi barabarani kwa ajili ya wapita njia. Labhuben aliitikia kwa kichwa, na akaona fahari kwa ajili yake. Kundan akainywa chupa yote bila kushusha pumzi.

*

Kinachoshangaza, na Labhuben alikuja kukirudia akilini mpaka kikamchosha, ni kwamba siku ile nzima hakuna aliyeogopa. Kweli barabara ilikuwa imekatika mbele na nyuma. Kweli simu hazikushika. Lakini jua liliwaka, mtu hakuwa na njaa ya kuitafutia chakula wala kiu ya kuitafutia maji, kwa kuwa vyote walikuwa wameviacha kwa hiari. Walikaa kivulini mwa basi wakaimba. Wakasema Mungu amewapa mfungo wa kweli. Kundan alisema watu wa kutengeneza barabara watakuja, huja daima. Walilala wakiegemeana.

Kulipopambazuka walifuta vumbi usoni kwa ncha za sari, wakakaa mstari, mikono imekusanywa, wakingoja maji ya kufungulia. Mfungo ule hufunguliwa kwa maji. Hakuna njia nyingine. Ghelabhai akaenda kwenye madumu.

Akaligonga la kwanza. Lilitoa sauti ya ngoma.

Akaligonga la pili.

Vichwa viligeuka taratibu, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikawa vinamtazama Labhuben.

Alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa umeganda juu ya kaakaa, na sauti iliyotoka haikuwa yake. "Nilisema tutajaza juu," akasema. "Nilisema tutajaza."

Unga ulikuwapo, gunia zima. Mchele, dengu, sukari, samli. Vyote hivyo vilihitaji maji. Mboga zilikuwa zinunuliwe mji unaofuata. Maji ya Ganga, ule mto mtakatifu, ya kubeba nyumbani walikuwa hawajayachota bado, hayo ni ya kurudi nayo. Vidimbwi vya barabarani vilikuwa vimeingiwa na dizeli, juu vina rangi za upinde wa mvua. Mzee mmoja alijaribu, akatapika. Mto waliusikia. Huo ulikuwa ukatili wenyewe, kuusikia. Lakini kutoka ukingo wa barabara mpaka mtoni ulikuwa ukuta mtupu, na udongo wake ulikuwa bado unameguka.

Chhaganbhai hakuwa ameinuka na wenzake. Alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, midomo myeupe, anapumua kwa haraka haraka kama mbwa kivulini.

"Chhaganbhai," Labhuben akamwita.

Akafungua jicho moja. "Shemeji. Likizo ya tumbo imezidi sasa."

Labhuben alimgeukia Muktaben, akijiandaa. Alitaka yale matusi. Alitaka ukelele ule wa roshani. Muktaben hakupiga kelele. Alivua viatu, akakunja sari mpaka magotini akaipitisha katikati ya miguu na kuichomeka nyuma, kama wanawake wa mashambani, akachukua dumu moja. Ukimya huo ulimtisha Labhuben kuliko mlima.

"Kuna chemchemi ya barabarani, ile pale," Kundan alisema akionyesha maporomoko. "Ilikuwa pale. Sasa imefukiwa. Lakini maji yake yanatoka juu. Ningeweza kutembea..."

"Kaa," Muktaben akamwambia. "Nimeteka maji tangu sijaota meno ya pili."

"Nakuja," Labhuben akasema, akilichukua dumu la pili.

"Kwani nimekukataza?"

Wakapanda. Sindano za misonobari zilikuwa zimelala chini nene, zinateleza kama zimepakwa samli. Walishika mizizi, walishika mawe, mawe mengine yakang'oka yakashuka yakigongagonga mpaka barabarani. Jua likawapiga mgongoni. Labhuben alianza kuona madoa meusi. Akaanguka magoti, akabaki hivyo.

"Inuka."

"Siwezi."

Muktaben akarudi chini mpaka alipo. Akaingiza mkono kwenye kifundo cha sari, akatoa kitunguu, chekundu, kikubwa. Akakiweka juu ya jiwe, akakipasua kwa ngumi moja. Watu wa kwao hukibeba mfukoni siku za hari, kuzuia jua lisimwangushe mtu. Akampa nusu.

"Hiki ndicho nilichoficha. Na ile chupa. Basi lako nimelitia najisi tangu Bhavnagar."

Labhuben alikitazama. Maji yalikuwa yanametameta kwenye tabaka zake. Akakiuma. Kilimchoma ulimi, puani, machoni. Machozi yakamtoka, na alishangaa kwamba mwili bado ulikuwa na machozi. Akatafuna. Akameza. Akala mpaka mzizi.

"Haya," Muktaben akasema. "Sasa tazama njiwa."

"Njiwa gani?"

"Umesahau ulikozaliwa? Kijiji chenu kilikuwa na mto? Wale pale. Wanaoruka chini chini, moja kwa moja, bila kusimama, hao wana kiu. Wanaorudi wamelemewa, wanatua mti hadi mti."

Na Labhuben akakumbuka. Alikuwa msichana mdogo na mtungi kichwani, kwenye mto wa mchanga usio na maji, na mama yake akimwonyesha angani kwa kidole. Alikuwa hajawaza hilo tangu aolewe mjini. Wakawafuata njiwa. Wakakata ubavu wa mlima kwa upande, wakavuka kijito cha mawe makavu, wakafika mahali misonobari ilipokoma na mialoni ikaanza, majani mapana, kivuli kizito. Pale chini ya jabali kulikuwa na ukoga wa kijani na nyuki wamekaa juu ya udongo mweusi.

Udongo ulikuwa baridi.

Walipiga magoti, wakachimba kwa mikono yote miwili, kama walivyochimba utotoni kwenye mchanga. Shimo likajaa tope. Wakalichota, wakalimwaga. Likajaa tena. Wakalichota, wakalimwaga. Mara ya tatu wakangoja, na tope likatua, na maji yakabaki juu, membamba, yana rangi ya chai hafifu, kisha meupe.

"Kunywa," Muktaben akasema.

"Yeye kwanza."

"Ukianguka njiani na dumu, atakunywa nini? Kunywa, Labhu!"

Akanywa kutoka kwenye kiganja cha Muktaben. Hakutazama kiganja cha nani.

Walisokota ngata kwa ncha za sari zao wakajitwika. Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Magoti ya wanawake wa umri wao hayakuumbwa kwa ajili ile. Mahali pamoja Labhuben aliteleza, akaburuzika kwa nyonga mpaka kwenye shina la mti, na aliposimama nyonga ilikuwa inavuja damu na dumu lilikuwa bado limekumbatiwa kifuani kama mtoto mchanga.

Chini, watu waliwapokea kwa mikono. Hakuna aliyesukuma. Ghelabhai aligawa kwa kikombe, akianza na wazee.

Labhuben aliingia kwenye basi na kijiko. Muktaben alikiweka kichwa cha mumewe mapajani. Kijiko cha kwanza kilimwagika pembeni ya mdomo. Cha pili akameza. Cha tatu. Chhaganbhai akafungua macho yote mawili, akavuta hewa kwa pua, uso ukakunjamana.

"Nani... nani ananuka kitunguu hapa?"

Labhuben akafunika mdomo kwa ncha ya sari.

"Shemeji?" Akamtazama Labhuben, na kifua kikaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Ee Mungu! Mukta, mtu gani atanisadiki nikisimulia hii pale uani? Mtu gani..."

Akafumba macho akiwa bado anatabasamu. Labhuben akajaza kijiko kingine, akakisogeza mdomoni. Maji yakakaa pale, hayakuingia.

"Fungua mdomo, kaka," akasema. "Kaka. Yako mengine. Yako mengi, tazama, madumu mawili yote."

Muktaben akaushika mkono wake wenye kijiko, akaushusha.

Watu wa barabara walifika kabla jua halijatua, na kamba, na machela, wakipita juu ya maporomoko wakiitana. Mmoja alisema wangefika mapema kama barabara isingekatika sehemu nyingi hivyo. Alikuwa anaomba radhi. Labhuben alimsikia kama mtu asikiavyo redio ya jirani. Alikuwa anahesabu vichwa, na kila alipofika mwisho alianza upya.

*

Hawakuliona hekalu hata moja. Walimchoma Chhaganbhai kando ya mto, kule ambako mahujaji wengine walikuwa ndio kwanza wanachota maji ya kubeba nyumbani. Kundan alishuka kwa magongo kuja kuweka ukuni mmoja.

Bhavnagar, Labhuben alijifungia. Majirani walibisha, hakufungua. Waliacha chapati kizingitini, paka wakazila. Ua ulikuwa na habari tele za kusimulia na hakuna aliyezisimulia kwa sauti. Usiku walimsikia akigonga kitu, taratibu, kama anagonga dumu.

Siku ya kumi na tatu ya msiba, siku ya kuwalisha watu, harufu ya chakula ilishuka ngazi tangu asubuhi. Ua ulijaa. Labhuben alikaa gizani nyuma ya mlango, akisikia sahani, akisikia Ghelabhai akifoka kuhusu samli.

Kisha sauti ikatoka roshani, ile ile, ya kunguru juu ya paa.

"Labhu! We Labhu! Unataka watu wote wa mji huu wakungoje?"

Sahani zikanyamaza. Ua mzima ukainua shingo.

Alichukua muda mrefu kufungua komeo. Alipita katikati ya watu akiwa ameinamisha kichwa, akapanda ngazi akichechemea, akaishia kizingitini, pale pale alipoishia siku ya kuomba radhi. Muktaben alikuwa amesimama ndani, sari nyeupe, mikono haina bangili. Alikuwa amekonda.

"Nilisema msinifungulie mlango," Labhuben akasema.

"Ulisema wewe. Mlango ni wangu."

Muktaben akageuka, akarudi na bilauri ya shaba. Labhuben akaipokea kwa mikono miwili. Alikunywa yote, bila kushusha pumzi, na watu waliokuwa ngazini walisikia kila funda likishuka.

"Leo sikutia kitunguu," Muktaben akasema, akisogea kumpisha. "Ingia ule."